Malipo ya Matunzo ya Wazee Kajiado, Kutoka Zizi hadi Hatimiliki

Ugomvi wa ndugu kuhusu nani alipe gharama za kumtunza mzazi mzee, iwe ni ujira wa mlezi anayelala nyumbani kwake au ada ya kila mwezi ya makao ya wazee, huonekana Kitengela na Kajiado kama zao la mji na la fedha, na wengi huueleza kwa kusema kwamba vijana wameacha desturi. Maelezo hayo ni mepesi mno, na yanawaonea watu wengi. Desturi ya Wamaasai wa nyanda hizi haikuyaachia matunzo ya mzee yategemee upendo wa watoto peke yake, bali iliyafunga katika mali, yaani katika ng'ombe waliotengewa kila nyumba, kwa namna ambayo aliyepokea mali alipokea pamoja nayo mtu wa kutunza. Baadaye mali hiyo iligeuzwa kuwa ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja, kisha ardhi ikageuzwa kuwa fedha, na katika mageuzi hayo yote urithi ulivuka salama lakini wajibu uliokuwa umefungamana nao haukuandikwa popote. Historia ya mtengano huo ndiyo inayoeleza kwa nini vikao vya familia vya leo huwa vigumu kumalizika.

Msingi wa mpango wa zamani ulikuwa nyumba ya mke. Katika boma la Kimaasai, ambalo wenyewe huliita enkang, kila mke alijenga nyumba yake, enkaji, na mumewe alimtengea ng'ombe wa kukama ambao, ingawa waliendelea kuhesabiwa katika kundi la mume, hawakuweza kuhamishiwa nyumba nyingine bila kuzusha mzozo mkubwa. Wana wa kiume walirithi ng'ombe wa nyumba ya mama yao na si wale wa nyumba ya mke mwenza, na miongoni mwao kitinda mimba alikuwa na nafasi ya pekee, kwa kuwa ndiye aliyebaki karibu na mama baada ya kaka zake kutoka na kuanzisha maboma yao, mkewe ndiye aliyemsaidia mama huyo kukama, kuteka maji na kukandika nyumba, na mama alipofariki wanyama waliokuwa wamesalia mikononi mwake wakawa wa kijana huyo. Kwa hiyo swali la nani amtunze mama halikuhitaji kuulizwa katika kikao, kwani jibu lake lilitembea kila asubuhi kutoka zizini kwenda malishoni na kurudi jioni likiwa na maziwa. Wale kaka waliotoka hawakuwa wakwepaji, kwa sababu walikuwa wameondoka na mgao wao, na yule aliyebaki hakuwa na sababu ya kulalamika kwamba ameachiwa mzigo, kwa sababu mgao wake ulikuwa ndani ya mzigo wenyewe.

Baba mzee alilindwa kwa njia tofauti kidogo. Alikuwa na rika lake, yaani kundi la wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja na kupanda ngazi za umri pamoja, na wanarika hawakukubali mwenzao adharauliwe na watoto wake bila kulizungumza jambo hilo katika enkiguena, baraza la wazee lililokaa chini ya mti na kusikiliza kila upande mpaka maneno yakaisha. Mzee alikuwa pia na uwezo wa kubariki na kulaani, na laana ya mzazi, inayoitwa oldeket, iliogopwa kuliko faini. Juu ya hayo, kundi kubwa la ng'ombe lilibaki chini ya mamlaka yake hadi kifo, na mwana aliyetaka mtamba wa kuanzia maisha au mahari ya kuolea hakuweza kujifanya hamjui. Mjane asiye na mtoto wa kiume aliweza kupewa mtoto wa mke mwenza au wa binti yake amlee, na watu wa ukoo waliweza kuchangiana mifugo kwa ajili ya jamaa aliyefilisika, mchango unaojulikana kama ewoloto.

Hata hivyo haifai kuupamba mpango huo kupita kiasi. Ulikuwa imara kadiri mifugo ilivyokuwa imara, na mifugo ilipoanguka matunzo nayo yalianguka. Sotoka iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa muongo wa 1890, ikifuatana na ndui na njaa, iliacha kumbukumbu ambayo Wamaasai huiita Emutai, yaani kuangamia, na katika miaka hiyo familia nyingi zilitawanyika kwenda kutafuta hifadhi kwa majirani Wakikuyu na wengineo. Mzee asiyeweza kutembea safari hiyo hakuwa na mpango wowote wa kumwokoa. Aidha, binti aliyeolewa mbali hakuhesabiwa katika wajibu huo wala katika mgao, jambo ambalo halikuonekana kuwa dhuluma wakati ule kwa sababu vyote viwili vilikosekana pamoja, lakini litakuja kuwa dhuluma kubwa baadaye, pale wajibu utakapomfikia binti huku mgao ukiendelea kumpita.

Utawala wa Kiingereza uliingilia mpango huu kwa kuanzia na ardhi. Mkataba wa mwaka 1904 uliwasukuma Wamaasai katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini, na mkataba wa mwaka 1911 ukaifuta ile ya Laikipia na kuwahamishia wote kusini, uamuzi ambao Wamaasai waliupinga mahakamani na kushindwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa mambo ya dola na dola, yasiyoweza kuhukumiwa na mahakama ya kawaida. Hifadhi ya kusini ndiyo iliyozaa wilaya za Narok na Kajiado. Reli iliyojengwa kutoka Konza kwenda Magadi kwa ajili ya kampuni ya magadi, iliyoundwa mwaka 1911, ilipita Kajiado na kuifanya kuwa kituo, kisha mji mdogo wa maduka na ofisi za serikali, lakini kwa miaka mingi ujira wa mwezi ulibaki kuwa jambo la wageni na la wachache.

Kuhusu uzee, serikali ya kikoloni ilikuwa na dhana moja ambayo iliirahisishia hesabu zake, kwamba Mwafrika akizeeka atarudi hifadhini na hifadhi itamtunza. Mishahara ya mjini ilipangwa kwa dhana hiyo, kana kwamba mfanyakazi ni kijana asiye na mke wala uzee unaomsubiri, mpaka kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter ilipotoa taarifa yake mwaka 1954 na kukiri kwamba mfanyakazi hawezi kutulia kazini ikiwa mshahara hautoshi familia na ikiwa hana uhakika wa uzee wake. Baada ya uhuru ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, mwaka 1965, ambao ulikusanya akiba ya mwajiriwa na mwajiri na kuilipa kwa mkupuo mmoja mtu alipostaafu, lakini mfuko huo ulikuwa wa walioajiriwa. Mfugaji wa Kajiado hakuwamo, na hakuna aliyeona kosa, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba ana ng'ombe. Kwamba ukame wa 1960 na 1961 ulikuwa umetoka tu kuua sehemu kubwa sana ya ng'ombe wa Kajiado hakukubadilisha dhana hiyo.

Mabadiliko yaliyogusa mzizi wenyewe yalikuja mwaka 1968, Bunge la Kenya lilipopitisha sheria mbili kwa pamoja, moja ya kuamua haki za ardhi katika maeneo yaliyokuwa hifadhi, na nyingine ya kuwezesha ardhi isajiliwe kwa jina la kikundi. Kutokana na sheria hizo zilizaliwa ranchi za makundi, yaani maeneo makubwa ya malisho yaliyomilikiwa na wanachama walioandikwa katika orodha na kuwakilishwa na kamati, na sehemu ya Kaputiei, ambayo ndani yake imo Kitengela, ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kugawanywa kwa mtindo huo kwa msaada wa mikopo ya Benki ya Dunia. Kilicho muhimu kwa historia hii ni orodha ile ya wanachama. Walioandikwa walikuwa kwa kawaida wanaume, wakuu wa familia, na wajane wachache. Wake hawakuandikwa, na nyumba zao, ambazo katika desturi ndizo zilizokuwa vyungu vya mgao, hazikuwa na mstari katika daftari. Kwa mara ya kwanza mali kuu ya jamii ilikuwa na mwenyewe mmoja aliyetajwa kwa jina, na enkaji ikawa jengo tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuvunja ranchi hizo. Ranchi ya Kitengela, yenye hekta 18,292 na wanachama 214, iligawanywa mwaka 1988, na kila mwanachama akapata hatimiliki yake, kwa wastani wa hekta 85 hivi. Miaka miwili baadaye serikali ilianzisha Mamlaka ya Maeneo ya Viwanda vya Kuuza Nje, na eneo kubwa la viwanda hivyo likajengwa Athi River, mwendo mfupi kutoka Kitengela, likavuta wafanyakazi waliohitaji vyumba vya kupanga na watu wa Nairobi waliohitaji ploti za kujenga. Bei ya ardhi ilipanda, uuzaji ukashika kasi, na Marcel Rutten, aliyechapisha mwaka 1992 utafiti mrefu juu ya umilikishaji binafsi wa ardhi katika Kajiado, alikipa kitabu chake jina lenye maana kwamba watu waliuza utajiri wakanunua umaskini. Hukumu hiyo ni kali, na zipo familia zilizouza kwa busara zikasomesha watoto, lakini kwa upande wa wazee inasimama, kwa sababu kilichouzwa hakikuwa malisho peke yake. Pamoja na ekari ziliondoka zile nyasi zilizolisha ng'ombe wa mama, na fedha iliyopatikana haikugawiwa kwa nyumba, haikuwa na kitinda mimba wake, na haikumfunga yeyote aliyeipokea.

Mahakama za wakati ule zilikaza fundo hilo. Chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, aliyeandikwa katika rejista alihesabiwa kuwa mmiliki kamili, na katika kesi ya Esiroyo ya mwaka 1973, iliyotoka magharibi mwa Kenya, Mahakama Kuu iliamua kwamba wana hawawezi kumpinga baba yao aliyesajiliwa kwa kutegemea haki za desturi, kwa kuwa usajili umezifuta. Uamuzi huo ulizungumzia haki za watoto, haukuzungumzia wajibu wao, lakini mantiki yake ilikwenda pande zote mbili: ikiwa mwana hana dai juu ya ardhi ya baba kwa desturi, basi hata matunzo ya baba hayawezi kudaiwa kutoka kwa ardhi hiyo mara inapokuwa imepewa mwana kwa hati safi. Miongo kadhaa ilipita kabla ya sheria kulegeza msimamo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ilitambua amana za kimila, yaani hali ambayo mwenye hati anashikilia ardhi kwa niaba ya jamaa wengine hata kama majina yao hayamo, na Mahakama ya Juu ikalithibitisha jambo hilo mwaka 2018 katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari. Hata hapo, kesi za amana huhusu nani ana haki ya kukaa na kulima, si nani anapaswa kununua dawa za shinikizo la damu.

Kulikuwa na ngao moja ndogo, nayo ni bodi ya ardhi ya sehemu, iliyowekwa na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, ambayo bila idhini yake uuzaji wa ardhi ya kilimo hauna nguvu. Malalamiko ya akina mama yalipozidi, ikawa kawaida kwa bodi hizo kutaka mke na watoto wakubwa wafike na kukubali kabla ya mauzo kupitishwa, na baada ya Katiba ya 2010 idhini ya mwenzi wa ndoa ikawekwa wazi katika sheria. Hili liliokoa mashamba mengi. Hata hivyo swali linaloulizwa mbele ya bodi ni kama familia imekubali kuuza, na baada ya mihuri kupigwa kila mtu huondoka na njia yake.

Mji uliokua juu ya ardhi hiyo ni mkubwa. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima, na ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840, ambao zaidi ya 150,000 miongoni mwao walikuwa Kitengela. Wengi wao walitoka Ukambani, Kikuyu, Kisii, Nyanza na kwingineko, wakiwa na desturi zao za urithi ambazo nazo zilikuwa zimepitia usajili wa ardhi mapema zaidi kuliko Kajiado, na wengine wamewaleta wazazi wao wakae nao katika ploti za mji. Kwa hiyo ugomvi unaoelezwa hapa si wa Wamaasai peke yao, ila kwa Wamaasai kasi yake imekuwa ya kutisha, kwani mtu aliyezaliwa katika enkaji yenye ng'ombe wa nyumba anaweza kuzeekea katika chumba cha matofali kilichozungukwa na nyumba za kupanga, ilhali watoto wake watano wanaishi katika miji mitano.

Mtunzaji naye alibadilika. Zamani bibi, ambaye wajukuu humwita koko, alikuwa na mjukuu aliyekabidhiwa kwake, wa kumletea kuni na maji na kulala naye usiku, na elimu ya msingi bila malipo iliyorudishwa mwaka 2003 ilimpeleka mtoto huyo darasani, kama ilivyostahili. Mke wa kitinda mimba ana kazi yake, saluni au kibanda cha mboga au ualimu. Nafasi ya wote wawili imechukuliwa na mlezi wa kuajiriwa, ambaye mshahara wake una tarehe, na hapo ndipo matunzo yalipopata bei inayoonekana kwa mara ya kwanza. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mchango umekuwa rahisi kutuma na rahisi zaidi kuhesabu, kiasi kwamba kila ndugu anaweza kuonyesha kwa simu yake alichotoa na kila mmoja anaweza kuonyeshwa alichokosa kutoa. Dada anayelala chumba kimoja na mama na kumgeuza usiku hana ujumbe wa kuthibitisha kazi yake. Kaka aliye ughaibuni anayetuma fedha nyingi huona kwamba amemaliza, naye anayeishi bila kodi katika ploti ya baba huambiwa kwamba hayo ndiyo malipo yake, na iwapo mzazi ana vyumba vya kupangisha huzuka hoja kwamba kodi ya vyumba itumike kwanza kabla ya mtu yeyote kutoa shilingi, hoja ambayo ni ya haki, ingawa mara nyingi hutolewa na yule anayeikusanya kodi hiyo bila kuisomea hesabu.

Makao ya wazee yalipoingia katika mjadala huu, yalileta aina nyingine ya deni. Katika Afrika Mashariki makao hayo yalianzishwa kwa ajili ya wasio na mtu. Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini, na Mji wa Huruma, uliokuwa chini ya serikali ya jiji la Nairobi, zililenga watu waliokosa jamaa au waliotelekezwa, na vivyo hivyo makao ya Sebleni na Welezo huko Unguja na Nunge huko Kigamboni. Katika taasisi za namna hiyo swali la ada halikuwa na uzito, kwani mlipaji alikuwa sadaka au serikali. Makao binafsi yaliyoongezeka baadaye kuzunguka Nairobi ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa yanapokea mzazi mwenye watoto na mali na kudai ada kila mwezi. Kisheria mdaiwa wa ada hiyo ni yule aliyetia saini mkataba wa kumwingiza mzee, na ndugu zake ambao hawakusaini hawafungwi na ahadi yake hata kama walikuwepo kwenye kikao na kuitikia kwa kichwa. Basi mara nyingi anayesaini ni yule aliyekuwa karibu siku mzee alipoanguka, na deni linamkalia yeye kwa sababu ya ukaribu wake, kinyume kabisa cha mpango wa kitinda mimba, ambao ulimlipa mtu kwa ukaribu huohuo.

Nchi nyingine zimejaribu kulitatua jambo hili kwa amri. Uingereza ilikuwa na sheria ya maskini ya mwaka 1601 iliyowalazimu watoto kuwasaidia wazazi wasiojiweza, na wajibu huo haukufutwa mpaka sheria ya msaada wa taifa ya mwaka 1948. Singapore ilipitisha sheria ya matunzo ya wazazi mwaka 1995, ikaunda baraza maalumu ambamo mzazi aliyetimiza miaka 60 anaweza kuwadai watoto, na India ikafuata mwaka 2007 kwa sheria inayofanana. Huko Pennsylvania, Marekani, mahakama ya rufaa ilimwamuru mwana mmoja mwaka 2012 alipe takriban dola 93,000 za kituo kilichomhudumia mama yake, ingawa hakuwa amesaini chochote. Mifano hiyo ya amri inafundisha jambo moja ambalo wazee wa enkiguena walilijua, kwamba wajibu unaotoka kwa serikali bila kufungamanishwa na mali iliyopokelewa humwangukia anayeonekana kuwa na uwezo na si anayepaswa.

Kenya imechukua njia ya katikati ambayo bado haijafika mwisho. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mtu aliyezidi miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo na msaada wa kiasi kutoka kwa familia yake na kutoka kwa dola, lakini mtoto anayedai malezi ana Sheria ya Watoto na mahakama yake, ilhali mzazi anayedai matunzo hana utaratibu wa aina hiyo ulioandikwa. Mswada wa matunzo na ulinzi wa wazee uliofikishwa Seneti mwaka 2018 ulikusudia kuziba pengo hilo, na haukuwa sheria. Upande wa dola umetimizwa kwa sehemu na mpango wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka 2018 umekusudiwa kumpa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakimlipi mlezi hata kwa juma moja mjini, lakini kina faida, kwani ni fedha ya mzee mwenyewe. Kwa kuwa mzee asiyeweza kufika kuchukua fedha huteuliwa mtu wa kumchukulia, hata shilingi hizo chache zimekuwa chanzo cha malalamiko mbele ya machifu.

Familia zenye mali na mzazi aliyepoteza kumbukumbu huishia Mahakama Kuu, ambako Sheria ya Afya ya Akili, kwa kifungu chake cha 26, huruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mtu asiyeweza kujiamulia. Njia hii haipendwi, kwa sababu ni ghali na kwa sababu inamtaja mzazi kwa lugha ya ugonjwa wa akili, na maumivu hayo yanaeleweka. Hata hivyo ndiyo njia pekee katika sheria ya sasa inayorudisha kile kilichopotea mwaka 1988, kwani inaamuru mali ya mzee itumike kwa mzee, na inamlazimu msimamizi kutoa orodha ya mali hiyo na kusoma hesabu ya mapato na matumizi. Kama familia zingekubali nyumbani, kwa maandishi na mbele ya wazee wao, kanuni hizo mbili tu, sehemu kubwa ya uchungu ingepungua kabla ya wakili kuajiriwa.

Baada ya kifo, mambo ya Kajiado yanakuwa na ugumu wa ziada. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 iliziweka kando ardhi za kilimo na mifugo katika wilaya kadhaa za wafugaji, Kajiado ikiwemo, ili mtu akifa bila wosia mali hizo zifuate desturi ya kabila lake. Ardhi ya kilimo, kwa tafsiri ya sheria hiyo, ni ile iliyo nje ya manispaa, mji au soko. Matokeo yake ni kwamba mzee mmoja anaweza kuacha ekari huko Kaputiei na ng'ombe wanaorithiwa kwa desturi, pamoja na ploti ya Kitengela inayorithiwa kwa sheria, na watoto walewale wakajikuta chini ya kanuni mbili zisizolingana. Kwa ploti ya mji, binti ni mrithi sawa na kaka yake. Kwa ekari za nje ataambiwa kwamba desturi haimjui, ingawa Katiba inabatilisha desturi inayobagua, naye atalazimika kwenda mahakamani kuithibitisha. Ni binti huyohuyo, mara nyingi, aliyemwogesha marehemu kwa miaka.

Wala sheria ya mjini haimsaidii sana. Inapohesabu mafungu, kifungu chake cha 42 huzingatia zawadi ambazo mtoto alikwisha kupewa na mzazi alipokuwa hai, lakini hakina neno juu ya kile mtoto alichompa mzazi, iwe ni ada ya makao, mshahara wa mlezi au usiku wake mwenyewe. Anayetaka kurudishiwa alicholipa hana budi kuthibitisha kwamba lilikuwa deni la marehemu na si sadaka ya mtoto, na ni nani anayemwandikisha mama yake hati ya deni anapomnunulia nepi? Kwa upande mwingine kifungu cha 83, kinapotaja kazi za msimamizi wa mirathi, kinaanza na gharama za mazishi ya kiasi, ambazo zinatolewa katika mali ya marehemu kabla ya mgawo wowote. Gharama ya kumzika mzee wa Kajiado ina mahali pake katika sheria, na ina pia kamati, mweka hazina na michango ya ukoo mzima. Gharama ya kumlisha katika mwaka wake wa mwisho bado haina kifungu, na wanaoibeba ni wale ambao majina yao hayakuwamo katika orodha ya wanachama 214.